Kutoka Bamba la Kitabuni Hadi Ukuta wa Tangi

Nilipokuwa mwanafunzi wa uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1980, somo la mabamba na magamba lilikuwa la chaki, karatasi na kikokotoo. Kitabu tulichokitegemea ni cha Timoshenko na Woinowsky-Krieger, toleo la 1959, tulichopokezana mpaka jalada likachakaa. Hesabu zake nyingi zilisimama juu ya sharti moja: bamba likibebeshwa mzigo, mbonyeo wake uwe mdogo sana kuliko unene wake. Hapo mzigo ukiongezeka maradufu, mbonyeo nao huongezeka maradufu, na kalamu inatosha.

Mwalimu wetu alituonya mapema kwamba sharti hilo lina mpaka. Mbonyeo ukikaribia nusu ya unene, bamba lililobanwa kingo huanza kuvutika kama ngozi ya ngoma, na mvutano huo nao hubeba mzigo. Alitupa mfano wa bamba la chuma la duara, lenye unene wa milimita 10, lililobanwa ukingo mzima. Pale hesabu ya kawaida inaposema litabonyea milimita 15, kwa kweli hubonyea kama 10 tu. Milinganyo ya hali hiyo Theodore von Kármán aliiandika mwaka 1910, lakini kwa miongo mingi ni maumbo machache yaliyoweza kutatuliwa kwa mkono.

Kwa bamba la namna hiyo, tofauti ilitupa akiba. Gamba, yaani ukuta uliopinda kama wa tangi la mafuta au ghala la nafaka la chuma, lilinifundisha kinyume chake. Chukua silinda ya chuma ambayo nusu kipenyo chake ni mara 1,000 ya unene wa ukuta, uigandamize kutoka juu. Nadharia ya kale inasema itahimili mkazo wa megapaskali 127 hivi kabla ya kukunjamana. Ukifuata mwongozo wa NASA wa miaka ya 1960, uliotokana na silinda halisi zilizojaribiwa maabara, hupaswi kutegemea zaidi ya 28 hivi. Sababu aliieleza Warner Koiter katika tasnifu yake ya Delft, mwaka 1945: kasoro ndogo ya umbo, hata isiyozidi unene wa ukuta, hupunguza nguvu ya gamba kwa kiasi kikubwa mno.

Nilikuja kuyaona hayo kwa macho miaka ya 1990, kompyuta zilipofika ofisini. Programu iligawa ukuta katika elementi ndogo ndogo, ikaongeza mzigo hatua kwa hatua, na kila hatua ikakokotoa upya umbo lililokwisha kubadilika. Hata hivyo, ilipofika kilele cha mzigo ilikwama, kwa sababu baada ya hapo gamba huzidi kubonyea huku likibeba mzigo mdogo zaidi. Njia iliyoendelezwa na Eduard Riks miaka ya 1970 iliondoa kikwazo hicho: mzigo wenyewe ukafanywa kitu cha kutafutwa, pamoja na mbonyeo. Grafu ilipopanda, ikapinda, kisha ikashuka mbele yangu, nilifurahi kuliko siku ya mahafali.

Leo skana ya leza hupima ukuta wa tangi lililojengwa tayari, na kila bonde na uvimbe wake huingizwa katika hesabu. Ndiyo maana nawasihi vijana wetu, kabla hamjapendezwa na picha za rangi kwenye skrini, jiulizeni: umbo mliloliingiza ni la mchoro, au ni la tangi lenyewe? Kompyuta hukokotoa kile inachopewa. Pimeni ukuta kama ulivyo, ziingizeni kasoro zake, ndipo mtie saini.