Mwenye Baridi Haulizi Bei ya Kiberiti

Wasee, kila wikendi naona mtu ameposti kifaa kipya cha kuwashia moto kambini: kijiti cha ferosiriamu, unakikwaruza na chuma, cheche zinaruka kama za fundi wa kuchomelea. Kwa video kinakaa poa sana. Lakini saa nne usiku kule Aberdare, mvua imenyesha na vidole vimekufa ganzi, kitakusaidia?

Mimi nimeona. Mwenzetu mmoja alikuwa anatetemeka mpaka chai inamwagika, na mwenye kijiti anakwaruza tu. Cheche zilikuwepo, na joto lake laweza kufika nyuzi 3,000. Kitu cha kuzishika ndicho hakikuwepo. Kuni mbichi haziogopi cheche, bana.

Kilichotuokoa ni kiberiti cha kawaida cha dukani, na pamba niliyokuwa nimeipaka Vaseline nyumbani. Pamba kama hiyo inawaka dakika kadhaa, muda wa kutosha kukausha vijiti vidogo mpaka navyo vishike.

Kwa hivyo usianze na kifaa cha bei, anza na kitu kikavu cha kushika moto. Kisha beba njia mbili za kuwasha. Laita ni rahisi, ila butani inagoma kugeuka gesi baridi ikikaribia nyuzi sifuri, na juu Mlima Kenya usiku hufika hapo. Iweke ndani ya koti, karibu na mwili. Kiberiti kikilowa kimekwisha, kwa hivyo kitie kwenye kichupa chenye kifuniko. Kijiti cha cheche sikitukani, maana hata kikilowa unakipangusa na kinafanya kazi. Kibebe kama akiba, ila ujizoeze nyumbani kwanza. Ongeza vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli. Mpira unawaka hata ukiwa na unyevu, na fundi anaweza kukupa bure.

Kabla hujawasha, uliza askari wa mbuga kama moto unaruhusiwa, na wapi. Nyasi za kule juu zikikauka hazina mchezo: Februari 2022 moto uliteketeza sehemu ya Aberdare. Ukimaliza, mwaga maji, koroga majivu, halafu sogeza mgongo wa mkono karibu. Ukihisi joto bado, hujamaliza.