Mtutu wa dola 600 na matundu matatu kwenye karatasi

Leo naomba tuweke kando hifadhidata na seva kidogo. Nataka niwasimulie habari ya bunduki ya shabaha, na msishtuke, mwishowe tutarudi kwenye tarakilishi.

Binamu yangu amekaa Marekani miaka mingi, jimbo la Ohio. Binti yake ana miaka 19 na mchezo wake ni kulenga shabaha kwa bunduki ndogo ya .22, umbali wa mita 50. Bunduki yake ilikuwa inahitaji mtutu mpya. Fundi wa bunduki wa mji wao alikuwa na mitutu miwili iliyowahi kutumika. Wa kwanza ni mwembamba wenye urefu wa inchi 26, bei yake dola 600 pamoja na ufundi. Wa pili ni mnene, mfupi wa inchi 20, dola 380. Kila mmoja ulikuwa umefungwa kwenye bunduki ya aina ileile, kwa hiyo aliruhusiwa kuijaribu.

Akapiga risasi tatu kwa kila mtutu. Ule mrefu ulitoa matundu yaliyokaa ndani ya milimita 5, ule mfupi milimita 9. Akanipigia simu usiku wa manane wa Nairobi.

"Baba mdogo, nimeshaamua. Nachukua ule mrefu. Wewe ni mtu wa hesabu, niambie tu kwamba niko sawa."

Hizo dola 600 alizipata kwa kupanga bidhaa dukani wikendi baada ya wikendi. Nikamwomba anipe siku mbili.

Kwanza nilisoma kuhusu mitutu yenyewe. Watu wengi hudhani mtutu mrefu hurusha risasi kwa kasi zaidi, basi ni bora. Kwa bunduki kubwa kuna ukweli hapo. Lakini .22 ina baruti kidogo sana. Kufikia kama inchi 16 hadi 19, gesi imekwisha kufanya kazi yake, na zaidi ya hapo risasi inasuguana tu na chuma. Tena risasi za mashindano hutengenezwa makusudi ziende polepole kuliko sauti, karibu mita 325 kwa sekunde, ili zisiyumbishwe na mtikisiko wa kuvuka kasi ya sauti.

Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka kama uzi wa skrubu. Kwa .22 kawaida ni mzunguko mmoja kila inchi 16. Fanya hesabu: risasi ikitoka kwa mita 325 kwa sekunde, inazunguka kama mara 800 kila sekunde, yaani mara 48,000 kwa dakika. Mzunguko huo ndio unaoizuia isipinduke njiani, kama pia ya watoto inavyosimama ikiwa inazunguka.

Halafu kuna ugumu wa mtutu. Ukifyatua, chuma chote hutetema. Wahandisi wanajua kwamba fimbo iliyoshikwa upande mmoja hupoteza ugumu kwa mchemraba wa urefu wake. Inchi 26 gawanya kwa 20, zidisha jibu mara tatu lenyewe kwa lenyewe: unapata karibu 2.2. Yaani kwa unene uleule, ule mfupi ni mgumu zaidi ya mara mbili. Na unene nao huhesabiwa kwa kipeo cha nne! Kwa hiyo mtutu mfupi mnene haukuwa mnyonge hata kidogo.

Faida ya kweli ya mtutu mrefu ni kwamba kilengeo cha mbele kinakaa mbali na jicho, hivyo kosa dogo la kulenga linaonekana mapema. Lakini hilo wachezaji wamekwisha kulitatua: hufunga bomba tupu mbele ya mdomo wa mtutu na kukiweka kilengeo juu ya bomba hilo. Risasi inapita katikati bila kuligusa.

Nikafika mdomoni. Mpwa wa fundi alikuwa amemshawishi binti anunue breki ya mdomo, kile kifaa chenye matundu kinachopunguza msukumo wa kurudi nyuma. Kwa .22 msukumo wenyewe ni mdogo mno, na kanuni za ISSF, shirikisho la dunia la mchezo huu, zinakataza breki hizo kwenye bunduki za mashindano. Hiyo ilikuwa rahisi kuamua. Kinachojali mdomoni ni ukingo wenyewe wa tundu, mahali pa mwisho ambapo chuma hugusa risasi. Ukiwa na pengo upande mmoja, gesi hutoka upande huo kwanza na kuisukuma risasi pembeni. Nikamwambia aukague kwa kioo cha kukuzia. Mitutu yote miwili ilikuwa safi.

Sasa tuje kwenye yale matundu matatu. Hapa ndipo nilipokaa kwenye tarakilishi.

Niliandika programu fupi, mistari isiyofika arobaini. Inaigiza mtutu mmoja unaotawanya risasi kwa kubahatisha kuzunguka kitovu, na kupima umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi. Nikaupa mtutu huo wa kuigiza wastani wa milimita 8 kwa risasi tatu, kisha nikauacha upige makundi maelfu kwa maelfu.

Mtutu uleule, risasi zilezile, hakuna upepo, hakuna mkono unaotetemeka. Na bado haikuwa ajabu kuona kundi la milimita 4, halafu lingine la milimita 12. Zile 5 na 9 za binti zilikaa humo ndani zikistarehe.

Nikaongeza mtutu wa pili, mbaya kwa asilimia 20 kuliko wa kwanza, na kuishindanisha kwa risasi tatu tatu. Mtutu mbaya ulishinda zaidi ya theluthi ya mashindano! Nikapandisha hadi risasi 30 kwa kila mmoja, na badala ya kupima matundu mawili tu nikapima umbali wa kila tundu kutoka kitovu cha kundi lake, kisha wastani. Mbaya ukashinda kama mara 8 katika 100. Kwa risasi 60, mara 2 au 3 tu.

Je, asilimia 20 ni kitu? Ndiyo. Duara la alama kumi kwa mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4, na risasi ya milimita 5.6 ikigusa mstari inahesabiwa. Kwa hiyo kitovu cha tundu kina nafasi ya milimita 8 kutoka katikati. Mtutu wangu wa kuigiza ungekosa kumi karibu mara 3 katika risasi 60, ule mbaya mara 8. Mashindano huamuliwa kwa alama chache kuliko hizo.

Nikampigia. "Mwanangu, hizo tatu hazijasema kitu. Piga 60 kwa kila mtutu, kumi huku kumi kule, ili upepo uigawie yote sawa. Bunduki ilale juu ya mfuko wa mchanga."

"Sitini, Baba mdogo? Hizo ni risasi 120!"

"Ni chini ya boksi tatu. Linganisha na dola 220."

Alinuna kidogo, lakini Jumamosi alikwenda. Akanitumia picha za karatasi zote, nikapima tundu moja moja. Mrefu: wastani wa milimita 4.2 kutoka kitovu. Mfupi: 4.0. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko bahati nasibu yenyewe, kwa hiyo sikumwambia kwamba mfupi umeshinda. Nilimwambia kwamba kwa matundu hayo hakuna sababu ya kulipa zaidi.

Akachukua mfupi. Akaongeza bomba la kilengeo, na pesa zilizobaki akaziweka kwa ajili ya risasi, kwa sababu hapo ndipo tofauti kubwa hujificha. Risasi za kiwanda kimoja, jina moja, zikitoka kwenye mafungu tofauti ya utengenezaji, mtutu mmoja huzipenda hizi na kuzikataa zile. Ndiyo maana Lapua wana vituo vya kupimia mafungu, Schönebeck kule Ujerumani na Mesa, Arizona. Mchezaji hupeleka bunduki yake, wanapima, naye hununua fungu lililoifaa.

Wenzangu wa programu, mnajua ninapoelekea. Mara ngapi tumepima kasi ya msimbo mara tatu, tukaona namba nzuri, tukabadilisha mfumo mzima? Kipimo cha haraka kina utamu wake: kinajibu upesi na kwa sauti kubwa. Kabla hujalipa, uliza kwanza: kitu kilekile kikipimwa tena na tena, namba zake huyumba kiasi gani? Ukishajua hilo, ndipo ulinganishe.

Tahadhari kwa walio nyumbani: hapa Kenya silaha na ufundi wake ni mambo ya leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Msianze kufungua mitutu ya watu.

Programu yenyewe ni rahisi na lugha yoyote inatosha. Anayetaka kuiandika upya, aanze na namba mbili za kubahatisha kwa kila risasi, moja ya kulia na kushoto, moja ya juu na chini. Mengine yatakuja yenyewe.