Ukiweza kununua koleo moja tu

Ndugu wasikilizaji wa Kamina, na ninyi jamaa mliokimbia mkafika huku mikono mitupu, leo nasema juu ya koleo, lile tunaloita pinsi. Mtu akikimbia vita anabeba mtoto na sufuria. Vyombo vya kazi vinabaki. Ndipo hata kufunga bashi kwa waya kunakuwa jambo la kuomba msaada.

Makoleo ni ya namna nyingi. La mdomo mrefu linashika vitu vidogo, kama waya wa redio. La kukata linakata tu. La kung'olea misumari lina mdomo wa duara: weka kibao chini yake, msumari utatoka bila kupinda sana, nawe utautumia tena.

Mwenye pesa ya moja tu anunue la kawaida. Ncha yake inashika bati, shimo lake lenye meno linashika nati ya baiskeli, na ndani kuna makali. Waya uingize hadi karibu na kiungo, maana pale nguvu ya mkono inaongezeka. Kwa hilo utatengeneza mbabula na mshikio wa bidoni. Lakini usikate waya wenye umeme; mpira uliopasuka kwenye mishikio hautakuokoa.

Langu linakaa kwenye mfuko wa baiskeli, na majirani zangu waliokimbia wanajua pa kuliulizia. Wenyeji wenzangu, tuazimane. Jamaa aliyeazimwa koleo asubuhi anaweza kutengenezea watu baiskeli, na jioni akanunua unga wake mwenyewe.