Nembo ya gari haitamshika mtoto

Mimi ni mpenzi wa magari. Nasema hivyo mapema ili akina baba wanaosoma ukurasa huu wasidhani nimekuja kuwaharibia starehe. Nimelelewa Naivasha na mzazi ambaye Pasaka kwake ilikuwa Safari Rally. Alitusimulia mara nyingi jinsi Joginder Singh na nduguye Jaswant walivyoshinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Tangu mashindano yarudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na kupitia huku kwetu, kila nikipata nafasi huenda kutazama, nikarudi mjini na vumbi hadi kwenye kope.

Kwa hiyo Baba Neema aliponionyesha kwenye simu picha ya Jaguar ya miaka saba ikiuzwa katika yadi moja jijini, sikumcheka. Ni gari zuri. Bei yake ilikaribia ya Toyota ya mwaka uleule. Neema wetu alikuwa na miezi mitano, na tulikuwa tunatafuta gari la kwanza la familia. Mjadala ukatuchukua wiki tatu.

Maoni yangu ni haya: anasa ya magari huzeeka vibaya. Rover, gari lililoheshimika Uingereza, kampuni yake iliporomoka mwaka 2005. Saab ya Sweden ikafilisika mwaka 2011. Jaguar yenyewe iliuzwa na Ford kwa Tata ya India mwaka 2008. Nembo ikififia, bei ya kununua hushuka, lakini bei ya spea haishuki nayo. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, magari mengi ya kifahari hutufikia yakiwa yanakaribia umri wa kudai vipuri. Gari lililotengenezwa kwa ajili ya tajiri hubaki na matumizi ya tajiri, hata likiwa mikononi mwa mtu wa mshahara.

Tuliketi na kikokotoo. Pesa za kununua zilikuwepo. Tulipoongeza bima, tairi nne na huduma ya kwanza ya fundi, hakikubaki hata cha kununulia kiti cha mtoto.

"Kiti kitasubiri," Baba Neema akasema. "Kwani sisi tulilelewa na viti?"

Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa amekuja kutusaidia na mtoto, akamuunga mkono. "Mwanangu, mtoto hana mahali salama kuliko kifuani kwa mamake."

"Ni kweli, Mama, tukiwa nyumbani," nikamjibu. "Barabarani mikono yangu haitatosha."

Jibu kamili nililitoa kwenye mbio za magari, maana hiyo ndiyo lugha ninayoelewana na mume wangu. Tangu mwaka 2003 kila dereva wa Formula 1 lazima avae HANS, kola ngumu inayokaa mabegani na kushikana na helmeti. Ilibuniwa na Robert Hubbard, profesa wa Marekani, pamoja na shemeji yake Jim Downing aliyekuwa dereva wa mashindano. Sababu ni moja: gari likisimama ghafla, mkanda huzuia kifua, lakini kichwa huendelea mbele na shingo ndiyo huumia. Hao ni watu wazima wenye shingo za mazoezi.

Sasa mtazame mtoto mchanga. Kichwa chake ni kama robo ya urefu wake, na shingo bado laini. Ndiyo maana daktari Bertil Aldman wa Sweden alibuni kiti kinachomgeuza mtoto atazame nyuma, na Volvo wakakijaribu mwaka 1964. Ajali ikitokea, mgongo wote wa kiti hupokea pigo pamoja na kichwa.

Mikononi hakuna msaada huo. Gari likigonga kwa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 8 huvuta kwa uzito wa zaidi ya kilo 100. Hakuna mama wa kuushika. Na ukimfunga pamoja nawe kwa mkanda mmoja, mwili wako ndio utakaomkandamiza.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Kazi yangu hunipeleka wodini, na huko sijawahi kusikia mzazi akitaja nembo ya gari.

Baba Neema alinyamaza siku mbili. Kisha akaniuliza kama najua kwamba PV544 ya akina Joginder ni aina iliyokuwa ya kwanza kuuzwa na mkanda wa ncha tatu, mwaka 1959, na kwamba Volvo waliacha wengine wautumie bila malipo. Nilijua, lakini nilimwacha anieleze. Tulinunua gari dogo la Kijapani na kiti. Picha ya Jaguar bado iko kwenye simu yake.

Mzazi, ukienda yadi, pitisha vidole kati ya kiti cha nyuma na mgongo wake utafute vyuma vya Isofix, na uvute kila mkanda kwa nguvu uone kama unakaba. Kiti kinachotazama nyuma usikiweke kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Kiti cha mitumba usikichukue ikiwa hujui kama kimewahi kupata ajali. Mvue mtoto koti zito kabla ya kumfunga, kisha jaribu kufinya mkanda begani. Ukifinyika, bado umelegea. Ukaze kabla hujawasha gari.