Simba Aliye Majini

Ewe msomaji, zamani nilidhani nembo ni pambo tu. Nembo ya Zeeland, jimbo la Uholanzi ambalo sehemu kubwa ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, ndiyo iliyonitoa ujingani. Katika ngao yake yumo simba mwekundu. Kifua kimeinuka, kiuno kingali mawimbini. Chini yake pana maneno ya Kilatini, yaliyotumika tangu karne ya 16, yenye maana: napigana, naibuka.

Nembo hiyo ilithibitishwa rasmi mwaka 1948. Haikupita miaka mitano, usiku wa tarehe 31 Januari 1953, bahari ikabomoa kuta. Watu 1,836 walikufa nchini humo, na Zeeland ikafiwa kuliko majimbo yote. Waliosalia walijenga upya. Mwaka 1986 likafunguliwa lango kuu la kuzuia tufani katika Oosterschelde.

Muhuri ukigandamizwa juu ya nta, mwenyewe hujifunga kwa neno lake. Nawe angalia: simba yule hajatoka majini. Hakuahidi ushindi, aliahidi juhudi. Je, muhuri wako wewe ungesema nini?