Iowa: Jimbo la Mashabiki Lisilo na Timu Kubwa

Ukiwaambia ndugu wa nyumbani kwamba unaishi Iowa, swali la kwanza ni hiyo Iowa iko wapi. La pili, kama anayeuliza ni kijana, ni timu gani ya NBA inatoka huko. Hakuna. Hakuna ya NBA, hakuna ya NFL, hakuna ya besiboli ya ligi kuu wala ya magongo ya kwenye barafu. Jimbo zima lenye watu milioni 3.2 halina hata moja. Kijana anasikitika kwa niaba yako, kisha anauliza kama kuna baridi.

Lakini njoo Iowa City Jumamosi moja ya Oktoba. Mji wenyewe una wakazi wapatao 75,000. Uwanja wa futiboli ya Kimarekani, unaoitwa Kinnick, unachukua watu karibu 69,000, na siku ya mechi unajaa. Asubuhi na mapema watu wameshaegesha magari, wamefungua buti na kuwasha majiko ya mkaa. Mabibi wamevaa njano na nyeusi, vichanga pia. Na wanaokwenda kushangiliwa ni wanafunzi tu, timu ya University of Iowa iitwayo Hawkeyes.

Sisi tuliokulia kwenye soka tunachelewa kuelewa jambo hili kwa sababu tumezoea kupanda daraja. Nyumbani Tanzania, timu ya kiwanda cha sukari kule Kagera ilicheza Ligi Kuu kwa miaka mingi. Namungo ya Ruangwa, Lindi, ilipanda mwaka 2019. Mnashinda, mnapanda, Simba na Yanga wanalazimika kuwafuata hadi kwenu, hata kama barabara ni ndefu.

Marekani hakuna kupanda wala kushuka. Ligi ni klabu ya wenye timu, na mlango wameufunga wao wenyewe. NFL ina timu 32, NBA ina 30. Timu mpya huingia pale tu wenye timu waliopo wanapokubali, na mnunuzi akalipa fedha za kutisha. Wakikaa kupima mji, hawaulizi watu wanaupenda mchezo kiasi gani. Wanauliza kuna nyumba ngapi zenye televisheni, na kuna makampuni mangapi makubwa ya kukodi vile vyumba vya vioo juu ya uwanja kwa ajili ya wageni wao. Des Moines, makao makuu ya jimbo, ina watu wapatao 214,000, na ukijumlisha vitongoji vyake vyote unafika kama 700,000. Kwa hesabu zao, hao ni wachache.

Tena Iowa imezungukwa. Chicago iko upande mmoja, Minneapolis mwingine, halafu Kansas City, St. Louis na Milwaukee, kila mji na timu zake, na kila mwenye timu anawahesabu watu wa Iowa kuwa wateja wake. Kichekesho kiko kwenye besiboli. Timu sita za majimbo jirani zilidai Iowa kuwa eneo lao la matangazo. Kwa hiyo kwa miaka mingi mtu wa Iowa aliyelipia kifurushi cha ligi kwenye intaneti alikuta mechi za timu zote sita amezuiwa kuzitazama moja kwa moja. Kupewa timu hapewi, ila kudaiwa na sita anadaiwa.

Mtu atauliza, mbona Green Bay? Kweli, mji huo mdogo wa Wisconsin, wenye watu kama 107,000, una timu ya NFL, Packers. Lakini tangu 1923 timu hiyo ni mali ya mashabiki wenye hisa, hakuna tajiri mmoja wa kuihamisha. Kanuni za NFL za leo haziruhusu timu nyingine kumilikiwa hivyo. Green Bay iliingia zamani, kabla mlango haujafungwa.

Na Iowa pia iliwahi kuwa ndani. Msimu wa 1949/50, NBA ilikuwa na timu kutoka Waterloo, mji wa viwanda kaskazini mashariki mwa jimbo, iliyoitwa Hawks. Ilidumu msimu huo mmoja tu. Msimu huohuo palikuwa na Blackhawks wa Tri-Cities, yaani Davenport ya Iowa pamoja na Moline na Rock Island zilizo ng'ambo ya mto Mississippi. Mwaka 1951 wakahamishiwa Milwaukee, 1955 St. Louis, 1968 Atlanta, na huko ndiko waliko hadi leo, Atlanta Hawks. Mashabiki wa Davenport hawakuulizwa.

Nikitazama historia hiyo naona watu wa Iowa walipeleka mapenzi yao mahali salama. Chuo kikuu hakipakiwi kwenye lori. Kocha ataondoka, wachezaji watahitimu, lakini timu itabaki palepale, na atakayeivalia jezi kesho huenda ni mtoto wa jirani. Kwetu sisi tuliohama, tunaojua nyumba ikifungwa inavyokuwa, hilo si dogo.

Wasichana wao ndio walionishangaza zaidi. Tangu mwanzo wa karne iliyopita, miji midogo ya wakulima ilijaza kumbi kutazama mpira wa kikapu wa shule za sekondari za wasichana. Walicheza kwa kanuni za zamani: sita kila upande, watatu wa kushambulia na watatu wa kulinda, bila kuvuka mstari wa katikati. Mtindo huo ulikoma Iowa mwaka 1993 tu. Kwa hiyo Caitlin Clark, binti wa West Des Moines, hakuota jangwani. Oktoba 2023 yeye na wenzake walicheza mechi ya kikapu katikati ya uwanja wa futiboli wa Kinnick, na watu 55,646 wakakaa nje kwenye baridi kuwatazama. Fainali yao ya Aprili 2024 ilitazamwa na watu zaidi ya milioni 18, kuliko ile ya wanaume. Walifungwa, lakini mabinti zetu wa Cedar Rapids na Iowa City, ambao mama zao wanaongea Kiswahili na Kilingala sokoni, walikuwa wameshavaa jezi namba 22.

Isidhaniwe kwamba pesa haipo kwa kuwa ni chuo. Mtumishi wa umma anayelipwa kuliko wote Iowa si gavana, ni kocha wa futiboli. Wachezaji, kwa upande wao, hadi 2021 walikatazwa hata kulipwa kwa matumizi ya majina yao kwenye matangazo, na ni tangu Julai 2025 tu vyuo vimeruhusiwa kuwalipa moja kwa moja. Kwa maoni yangu walichelewa mno. Vijana, wengi wao weusi, waliingiza mamilioni na kutoka na magoti mabovu. Mzazi mwenzangu, mwanao akifuatwa na kocha mwenye karatasi ya ufadhili, kabla ya kushangilia muulize mambo mawili: je, akiumia nani atalipia matibabu baada ya yeye kuondoka chuoni, na wachezaji wake wangapi wanamaliza digrii. Mimi ni muuguzi, na mtikisiko wa ubongo siuchukulii kama mafua. Wangu akitaka kukimbia mbio au kucheza kikapu nitamnunulia viatu leo. Futiboli, tutaongea.

Pamoja na hayo yote, kuna jambo moja pale Kinnick ambalo sijaona mfano wake. Hospitali ya watoto ya chuo iko jirani kabisa na uwanja, na madirisha ya ghorofa za juu yanatazama chini hadi kwenye nyasi. Mwaka 2017 shabiki mmoja alipendekeza kwenye Facebook kwamba watu wawapungie watoto mkono. Tangu hapo, robo ya kwanza ikiisha, uwanja mzima hugeuka, mashabiki, wachezaji wa pande zote mbili, waamuzi, wote wanapunga, na watoto wanapunga kutoka juu. Aliyewahi kumhudumia mtoto aliyelazwa wiki ya sita anajua dakika hiyo ina uzito gani. Timu za wageni nazo huja zikijua.

Ukipanga kwenda na familia, tiketi za futiboli ni ghali, hasa mpinzani akiwa Iowa State, watani wao wa jadi kutoka Ames. Voliboli ya wasichana ni nafuu zaidi, na watoto watakaa karibu kiasi cha kusikia kocha anasema nini. Mkoba uwe wa plastiki inayoonyesha vilivyomo, la sivyo utarudishwa kwenye gari, na gari utakuwa umeliacha mbali. Novemba beba blanketi hata kama jua linawaka.