Mbwa Aifuataye Pua Yake

Mwalimu mmoja mstaafu, mkazi wa Ngong karibu na Nairobi, aliletewa na binti yake mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, mwenye rangi nyeusi, hudhurungi na nyeupe, masikio yamemning'inia mashavuni. Mbwa wa aina hiyo huitwa bigili. Mwalimu alikuwa amefuga mbwa tangu ujana wake, lakini hao walikuwa walinzi wa boma, wakali kwa mgeni na watiifu kwa mwenyewe. Huyu alimwona mkaidi, mlafi na asiye na shukrani.

Kumbe bigili alizalishwa Uingereza kwa kazi nyingine kabisa, nayo ni kumfuata sungura kwa harufu, yeye na kundi la wenzake, wawindaji wakija nyuma kwa miguu. Umbo lake lote latokana na kazi hiyo. Kimo chake begani ni kama sentimita 33 hadi 40 tu. Ncha ya mkia ni nyeupe, ipate kuonekana katika majani marefu. Na sauti yake ni mlio mrefu uwajulishao wawindaji alipo. Puani mwake mna chembe za kunusia zaidi ya milioni 200, hali mwanadamu anazo milioni chache tu. Idara ya Kilimo ya Marekani ilianza mwaka 1984 kuwatumia mbwa hawa viwanja vya ndege, wanuse matunda na nyama zilizofichwa katika mizigo ya abiria. Kwa kuwa amezoea kuishi kundini, bigili hupatana na watoto na mbwa wenziwe, na mgeni humpokea kama jamaa. Atafutaye mlinzi wa usiku asijisumbue naye.

Jioni moja lango liliachwa wazi. Mbwa akainamisha pua, akashika njia. Mwalimu aliita mpaka koo likamkauka, wala mnyama hakugeuka. Aliporudi usiku, ametapakaa matope na mkia ukichezacheza, alichapwa fimbo. Mambo yakawa hayo mara tatu. Mara ya nne mbwa alifika langoni, akamtazama bwana wake, akageuka akaenda zake. Mvua ilinyesha usiku kucha. Siku ya tatu alipatikana nyuma ya bucha, amejaa kupe na sikio moja limevimba.

"Ulimpiga kwa kosa gani, Mwalimu?" aliuliza daktari wa mifugo.

"Kwa kutoroka, Daktari."

"Sivyo. Ulimpiga kwa kurudi. Fimbo ilipomwangukia, kurudi ndilo jambo alilokuwa akilifanya."

Mwalimu, aliyekuwa amechapa watoto wa watu miaka mingi, hakujibu neno.

Fimbo ikawekwa. Akanunua kamba ya mita 10, akachemsha maini na kuyakata vipande vidogo vidogo. Kila siku alimwita mbwa mara chache tu, kwanza uani ambako harufu ni zile zile, kisha nyuma ya nyumba, na baada ya majuma mengi njiani. Akija, alipewa ini papo hapo. Asipokuja, alivutwa taratibu, bila ya kukemewa. Hakuitwa kamwe ili aogeshwe au afungiwe. Kwa hayo alifuatwa alipo. Chakula cha jioni nacho kilifichwa majanini akitafute, na kutafuta huko kulimchosha kuliko mbio, hata kelele za mchana zilizowaudhi majirani zikapungua.

Masikio hukaguliwa kila juma na kukaushwa vizuri baada ya kuoga, maana yakiwa yameufunika unyevu huoza upesi. Chakula hupimwa, kwani bigili hajui kushiba, na unene humharibu mgongo na viungo. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapewi, kwa sababu huvunjika ikachoma utumbo. Kupe hutolewa, na chanjo ya kichaa cha mbwa haikosi kila mwaka.

Lango sasa lina makomeo mawili, na barabarani Mwalimu hathubutu kumfungua kamba, ijapokuwa mwaka mzima wa mafunzo umekwisha. Lakini amwitapo uani, mbwa huja mbio. Akibakiza hatua mbili husimama, akaitazama mikono ya Mwalimu, ndipo asogee.